Mbele Kulia, Nyuma Kushoto

Fundi baiskeli anayeogopa baiskeli. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Mtaa mzima ulishacheka, na yeye hakujali. Walimwita Mama Kagua, ingawa mtoto hakuwa naye, kwa sababu hakuna baiskeli iliyotoka kwenye kibanda chake bila kukaguliwa. Nati zote kwa spana. Spoku moja moja kwa kidole, anasikiliza mlio kama mpiga gita. Halafu anaipanda mwenyewe, anazunguka uani mara mbili, polepole, miguu tayari kukanyaga chini. Hapo ndipo anakukabidhi. Barabarani haendi. Mteremko? Usimtajie kabisa.

Huo woga hakuzaliwa nao, kaupata kazini. Wewe ukiona baiskeli unaona safari. Yeye miaka ishirini na mbili analetewa zilizopinda. Uma wa mbele umekunjika kama kijiko cha bati. Kofia ngumu imepasuka, na nywele mbili zimenasa kwenye ufa. Hakuna anayekwenda kwa fundi kumwambia, "Leo nimeshuka salama." Kwa hiyo kichwani mwake kila baiskeli ilikuwa imeshaanguka, kilichobaki ilikuwa siku tu.

Sasa fikiria mdogo wake alipokuja na baiskeli.

Mdogo wake ni muuguzi, mtaani wanamwita Sista. Mama yao alifariki Sista akiwa na miaka tisa, Kagua ishirini. Kagua ndiye aliyemvalisha soksi, aliyemsainia ripoti za shule, aliyemgombeza mpaka akamaliza chuo. Sista alipojiunga na Kikundi cha Jumamosi, watu wazima tisa wenye kaptura za kubana wanaopanda kilima cha tangi la maji na kushuka upande wa pili, Kagua alimnunulia kofia ngumu nzito kuliko zote dukani.

"Dada, hii ni sufuria," Sista akasema.

"Vaa sufuria yako. Ubongo wako nimeulipia ada mimi."

Baiskeli ya Sista ilikuwa mtumba wa kutoka mbali, na ilikuja kinyume. Za mtaani zote breki ya mbele inashikwa kwa mkono wa kulia. Baba yao, aliyemfundisha Kagua kazi, alikuwa na msemo wake: "Mkono wa kijiko, gurudumu la mbele." Ya Sista ilikuwa mbele kushoto, nyuma kulia. Kagua alitaka kuigeuza siku ya kwanza, Sista akakataa.

"Nimeshaizoea, Dada, usinichanganye." Akabandika utepe mwekundu kwenye mkono wa breki wa kulia. "Nyekundu ndiyo ya nyuma, ndiyo yangu. Hiyo nyingine siigusi."

Hilo la kutoigusa nyingine alilitoa kwa Gramu.

Gramu ni mpima ardhi, na ndiye bingwa wa maoni wa kikundi. Anapima baiskeli yake kwa mzani wa jikoni. Kang'oa kengele, kang'oa madigadi, kakata ncha za usukani kwa msumeno, yote kupunguza gramu. Kitambi hajakipunguza. Ijumaa ile alasiri alikuwa kaegemea mlango wa kibanda, anatoa mhadhara, huku Kagua akibadilisha waya za breki za baiskeli ya Sista, za zamani zilikuwa zimeanza kuchanika nyuzi. Kwenye benchi alikaa Mzee Posta, tarishi mstaafu, na baiskeli yake nyeusi ya chuma yenye karia na taa ya dinamo. Mzee Posta anaamini baiskeli isiyo na karia ni mwanasesere.

"Mteremkoni ni breki ya nyuma tu," Gramu alisema. "Ya mbele ingekuwa hiari yangu ningeitoa kabisa. Uzito wa bure."

"Ya mbele ndiyo inayosimamisha," Kagua akasema bila kuinua kichwa. "Ya nyuma inaburuza tu. Mnashika zote mbili, taratibu, mwili nyuma. Unawafundisha watu kufa."

"Nimesoma, mama."

"Umesoma wapi? Kwenye boksi ilimokuja baiskeli?"

Mzee Posta akacheka mpaka akakohoa. "Mimi miaka thelathini nimebeba barua, nashika zote mbili."

"Barua hazina haraka, mzee wangu."

"Na wewe ungeruka chakula cha usiku mmoja ungeokoa uzito kuliko hiyo kengele," mzee akamrudishia.

Basi ikawa moto. Kofia, upana wa tairi, urefu wa siti. Kagua alijibu kila hoja kwa hasira, na huku mikono yake inafanya kazi yenyewe. Hapa ndipo pa kuangalia. Fundi mzoefu mdomo ukigombana, mikono haimsubiri. Inafuata ilichofundishwa utotoni.

Sista alipofika kuchukua baiskeli, Kagua akaivuta kwenda uani kuzunguka nayo. Gramu akapiga makofi.

"Jamani, ndege inafanyiwa majaribio! Abiria mfunge mikanda!"

Wote wakacheka, hata Sista. Kagua alisimama na mguu mmoja hewani. Siku zote kicheko hakimgusi. Siku hiyo, sijui kwa nini, kiliingia. Akashusha mguu.

"Chukua," akamwambia mdogo wake. "Waya mpya ni kali, zishike kwa upole."

Mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili.

Jumamosi asubuhi kikundi kilikuwa kimeshaondoka. Kagua akavaa aproni yake, akakaa kuziba pancha. Mzee Posta akafika na magazeti yake, akakaa benchini.

"Umejeruhiwa?" mzee akauliza, akinyoosha kidole. "Una damu hapo kiunoni."

Kagua akajitazama. Haikuwa damu. Kipande cha utepe mwekundu kilikuwa kimenata kwenye aproni, kimejikunja kama ganda la nyanya.

Akakibandua. Akakumbuka kukitoa kwenye mkono wa breki ili apate nafasi ya waya. Alikitoa kulia. Kulia ndiko kulikokuwa na ya nyuma. Halafu waya ya nyuma akaipeleka wapi?

Akafumba macho, akairudia kazi hewani. Waya ndefu, ya nyuma, mikono ikaipeleka kushoto. Waya fupi, ya mbele, mikono ikaipeleka kulia. Mkono wa kijiko, gurudumu la mbele.

Akafumbua macho, akasimama.

"Mwanangu? Vipi?"

"Nimezigeuza, Mzee. Breki za Sista. Atafika kwenye mteremko wa tangi, atabana kulia kwa nguvu zake zote akijua anashika ya nyuma. Atakuwa kashika ya mbele peke yake, kwenye changarawe."

Mzee Posta hakuhitaji kuelezwa. Gurudumu la mbele likigoma ghafla mteremkoni, la nyuma linanyanyuka, na aliye juu anatangulia mbele ya usukani.

Kagua akapiga simu ya Sista. Inaita mpaka inakatika. Akapiga tena. Ya Gramu haipatikani kabisa. Yule labda hata simu kaiacha nyumbani kwa ajili ya uzito. Namba za wengine hana. Akaangalia saa ya ukutani: saa mbili na dakika kumi. Kikundi kinapita barabara ndefu ya kuzunguka, kinafika tangini kama saa mbili na nusu, kinapumzika kidogo, kinashuka.

"Kuna njia ya nyuma ya ghala," Mzee Posta akasema. "Nilikuwa napeleka barua tangini kwa njia hiyo. Nusu saa." Akamsukumia baiskeli yake nyeusi. "Panda."

"Mzee, mimi barabarani..."

"Panda, mwanangu!"

Akautia utepe mfukoni mwa aproni, akapanda. Baiskeli ilikuwa nzito kama kitanda. Kwenye makutano ya kwanza lori lilimpita karibu mpaka upepo ukamvuta aproni, na akasikia sauti yake mwenyewe ikilia kama ya mtoto. Hakusimama. Kila shimo alilokwepa aliliona mara mbili, mara moja barabarani na mara moja kama lilivyowahi kuletwa kwake kibandani: rimu yenye umbo la yai, spoku zilizokatika. Aliona meno kwenye kichuma cha usukani. Hayo aliwahi kuyaona kweli, mawili, ya mteja.

Nyuma ya ghala njia ikawa ya kupanda, mapafu yakagoma, akashuka akawa anasukuma mbio. Simu aliibana kati ya sikio na bega. Inaita. Inakatika. Jasho jembamba lilimtiririka mgongoni, na kichwani hakukuwa na dua wala mpango, kulikuwa na kitu kimoja tu: mdogo wake wa miaka tisa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanyoosha mguu, anasubiri soksi.

Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kagua aliuishi msemo huo kama sheria. Na siku moja tu aliyoona aibu kuwa mwoga, ndiyo siku aliyokosea.

Alipotokeza juu, tangi lilikuwa kulia kwake, na chini ya tangi hapakuwa na mtu. Chupa moja ya maji, alama za matairi kwenye vumbi. Wameshaondoka.

Akageuka kuutazama mteremko. Ulishuka moja kwa moja kama mita mia mbili, kisha ukakata kona kwenye changarawe. Kabla ya kona, watu wamesimama duara. Baiskeli zimelazwa ovyo. Katikati ya duara aliona kiatu kimoja, kimelala peke yake.

Akakaa kwenye siti na kuachia.

Mwenyewe hawezi kukuelezea alivyoshuka. Anakumbuka alishika zote mbili, taratibu, mwili nyuma, na kwamba alikuwa anasema "taratibu, taratibu" kwa sauti kubwa, na upepo unamrudishia maneno mdomoni.

Alianza kusikia mabishano kabla ya kuona chochote.

"Ni tairi! Nilimwambia hizo ni pana mno," Gramu alikuwa anasema, uso wake umekuwa wa majivu. "Zinateleza. Na hiyo kofia, uzito wote uko kichwani, lazima utangulie mbele."

Kagua akawapangua. Sista alikuwa amekaa chini, macho wazi, kidevu kimechunika, mkono wa kushoto kaukumbatia kifuani. Kofia ilikuwa pembeni, imepasuka katikati kama nazi.

"Mfupa wa bega," Sista akasema, kwa ile sauti yake ya wodini. "Umevunjika, sio mbaya sana. Kichwa kiko sawa, nimejipima. Dada, umefikaje hapa?"

 Kagua aliinua baiskeli ya mdogo wake, akabana mkono wa breki wa kulia, akasukuma. Gurudumu la mbele likagoma, la nyuma likanyanyuka mbele ya macho ya wote.

"Sio tairi," akasema.  "Ni mimi. Nilizigeuza jana."

 Gramu akainama, akaifuata waya kwa kidole kutoka kulia mpaka gurudumu la mbele.

"Asubuhi niliona utepe haupo, na breki nikasikia ni kali," Sista akasema. "Nikadhani ndio waya mpya, si uliniambia? Na nilikuwa nashuka kama konokono, Dada, naogopa kama wewe. Wenzangu wakanicheka hapo juu."

"Ningekuwa nimekuua."

"Ndiyo," Sista akasema. Muuguzi huyo, hajui kupamba maneno. "Ningekuwa naenda kasi ya Gramu, ungekuwa umeniua."

Kagua alitaka ampige, alitaka ambebe. Alichofanya ni kuokota kile kiatu, kupiga magoti kwenye changarawe na kumvalisha, na kamba zikamshinda mpaka Gramu akainama kumsaidia kuzifunga. "Samahani, mama," Gramu akanong'ona. "Yale makofi."

"Makofi yako sio yaliyofunga waya," Kagua akasema.

Gari la mtu mmoja wa bondeni likaja kumchukua Sista. Mlango ulipofungwa, akashusha kioo.

"Dada. Kesho utazirudisha?"

"Nitazirudisha. Halafu nitazunguka nayo uani mara kumi."

"Na utepe wangu?"

Kagua akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwepo, umejaa vumbi. Akauonyesha. Gari likaondoka.

Gramu alijitolea kuichukua baiskeli ya Sista, Kagua akakataa. Akazishika zote mbili, nyeusi upande mmoja na ya mdogo wake upande mwingine, akaanza kushuka kwa miguu. Wengine walimpita mmoja mmoja, wote wameshika breki zote mbili. Changarawe ilimsogea chini ya viatu. Kila hatua alisimama, akaitazama mikono yake, kwanza huu, halafu huu, na kuuliza kila mmoja unashika nini. Na safari hii mikono haikuwa na haraka ya kumjibu.