Kimya cha Dada

Dada yangu anasomea uzamili wa saikolojia tiba. Mwaka huu yupo Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo hospitalini, tunalala chumba kimoja hapa Kizwite. Sheria ya kwanza aliyonipa: mgonjwa hatajwi, hata kwa mama mzazi. Akitaja, masomo yake yameishia hapo.

Jumapili tulikuwa uani tunapukuchua mahindi na mama, mama mdogo na baba mkubwa aliyetoka Mwazye. Mama mdogo akamgeukia dada.

"Hivi wewe, nimemwona mwalimu wa mdogo wako huyu anatoka kile chumba chako cha hospitalini. Anaumwa nini?"

"Mama mdogo, hapo mimi sina jibu."

"Usinizungushe. Ana wazimu?"

Dada akanyamaza. Kwetu ukiulizwa habari za mgonjwa ukanyamaza, umeshajibu: hali ni mbaya.

"Ehee! Basi ni wazimu! Na ndiye anafundisha watoto wetu? Kesho mimi na mkuu wa shule!"

Dada alibaki ameshika gunzi tu. Akikana, amemtaja. Akinyamaza, mwalimu kaharibikiwa.

"Mjibu mama yako mdogo," baba mkubwa akasema. "Tumekusomesha uje utufiche?"

Mimi darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Mimi pia nimekaa kile chumba. Kabla ya mtihani wa moko nilikuwa silali, nalia tu. Dada akanipeleka kwa msimamizi wake, maana ndugu hamtibu ndugu. Nimeenda mara nne. Kuna aliyejua humu ndani?"

Hakuna aliyejua. Hata mama alinitazama kama mgeni.

"Basi mama mdogo, kesho ukifika kwa mkuu wa shule, anza na jina langu."

"Makubwa! Bubu kaota pembe!"

Baba mkubwa akaniamuru niombe radhi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofunzwa mbele ya wakubwa. Nikaomba radhi kwa kupaza sauti. Kwa nilichosema sikuomba, na siombi.

Jumatatu mama mdogo hakuja shuleni. Mwalimu alifundisha kama kawaida, akanikemea kwa kuchelewa.

Nilikuwa nimebakiza kosa langu mwenyewe. Siku nilipomwona mwalimu kwenye benchi hospitalini, kabla ya haya yote, niliandika jina lake humu daftarini. Jumatatu hiyo niliporudi kutoka shule nikachana ukurasa ule, nikawashia nao jiko la mkaa. Ndiyo maana daftari hili halina majina. Anayetaka kujua, akamuulize mwenye ugonjwa wake.