Bibi Usiguse

Wifi yangu alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini mjini hakuna anayelitumia. Wanamwita Bibi Usiguse. Mtu akipiga simu kwamba kompyuta kubwa ya ofisini imekufa na kila kitu kimo ndani, hata salamu hajaimaliza, wifi anapaza sauti: "Usiguse! Toa mkono!" Kazi yake ni kufufua diski. Mimi napokea wateja kwenye karakana yetu ya vyumba viwili, pembeni mwa duka la vioo. Kwa miaka kumi na sita nimemwona akikasirika kila siku ya kazi, na sijaona siku aliyokasirika bure.

"Watu wanaua wenyewe," huniambia, "halafu wanakuja hapa wanasema wamekuta maiti."

Mashine ya hospitali ililetwa na mkuu wao wa kompyuta, shati limenyooka kama la harusi, akiisukuma juu ya kiti cha magurudumu cha wagonjwa. Nilicheka. Wifi hakucheka. Ndani mlikuwa na diski sita zinazobebana: kila kinachoandikwa hukatwa vipande na kugawanywa kwa zote, pamoja na hesabu ya ziada, ili moja ikifa, tano zilizobaki zijaze pengo lake. Zikikosekana mbili, basi tena.

"Nani amegusa?" wifi akauliza.

"Hakuna aliyegusa. Umeme ulikatika, uliporudi tukakuta imezima. Diski ya tano haisomeki. Hizo nyingine nzima kabisa."

"Hakuna aliyegusa hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akaondoka na kiti chake. Wifi akaziandika namba diski zote kwa kalamu nyeupe, akaanza kunakili moja moja zile tano zinazosomeka, maana hafanyi kazi juu ya diski yenyewe hata umwekee kisu shingoni. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu akaziunganisha nakala, na majina ya mafaili yakatokea, maelfu kwa maelfu. Nikapiga makofi. Akaniambia nisubiri. Akafungua la mwaka uliopita: safi. Akafungua la mwezi uliopita: uji mtupu, herufi zisizo kichwa wala miguu. Karibu yote ya miezi minane ya mwisho yalikuwa hivyo.

Akapiga meza mpaka kikombe changu kikaruka.

"Ananidanganya! Humu kuna diski iliyoacha kazi zamani. Wenzake wakaendelea bila yake, na juzi ilipokufa ya tano, mtu akairudisha ile kwa nguvu. Sasa inajibu kwa mambo ya miezi minane nyuma!"

"Si uitoe tu?"

"Nikiitoa zinabaki nne, wifi. Lazima niifufue ya tano, na ya tano ukishaifungua ni mara moja tu, ikikwaruzika imekwenda. Kama uji huu umetoka kwingine, nitakuwa nimeiua bure. Nataka aniambie ukweli, basi! Ni kitu kigumu hicho?"

Akampigia. Nilimsikia yule bwana akiapa kwa jina la mama yake mzazi. Wifi akakata simu, akaenda kusimama uani akiongea na ukuta.

Mchana huohuo akaingia mwanamke wa makamo, viatu vyeupe vya kazi, mkoba ameukumbatia. Alikuwa nesi wa hospitali ileile, amesimamishwa kazi. Mzee wa kitanda cha saba alikuwa amefariki baada ya kuchomwa sindano ya miligramu arobaini. Daktari anasema aliagiza nne. Nesi anasema alisoma arobaini kwenye kompyuta, akashtuka, akampigia daktari simu kuuliza, akajibiwa afuate kilichoandikwa, na jibu hilo akaliingiza kwenye kompyuta kabla hajashika sindano. Daktari anasema hakupokea simu yoyote. Siku nne baadaye mashine ikafa, na yote hayo yamo ndani yake.

"Kikao changu cha nidhamu ni keshokutwa," alisema. "Nimekuja kuuliza kama kuna matumaini. Kama hakuna, niambieni tu, nijiandae kuitwa muuaji."

Nikamvutia kiti. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada," akasema, "hiyo mashine ilikuwa wapi?"

"Chumba cha dawa, nyuma ya meza yangu. Ndiyo maana nilishangaa kusikia imekufa ghafla. Ile si iliumwa zamani? Ililia pii, pii, usiku na mchana, wagonjwa wakalalamika. Nikaripoti. Mkuu wa kompyuta akaja akainyamazisha. Ikabaki taa ya rangi ya chungwa inawaka, akaniomba plasta, akaibandika juu ya taa."

Wifi akawa kama amemwagiwa maji baridi. "Plasta? Ya kidonda?"

"Ya kidonda. Nilimwandika." Akafungua mkoba, akatoa daftari dogo lililochakaa pembe. "Mimi kila kinachotoka mkononi mwangu naandika. Wenzangu wananicheka." Akafunua kurasa kurudi nyuma, miezi minane kamili, akasoma: "Plasta moja. Kwa mashine, taa ya tatu kutoka kushoto. Amechukua mkuu wa kompyuta. Saa nne na robo."

Tukaenda wote watatu kwenye meza. Plasta ilikuwa imebanduliwa, lakini kwenye uso wa diski namba tatu, chini ya taa, kilibaki kipande cha gundi chenye umbo la plasta, kilichonasa vumbi. Kwa siku tatu tulikuwa tumekitazama tukidhani ni uchafu.

Matusi aliyoyatoa wifi siyaandiki hapa. Mashine ililia kuomba msaada, mtu mzima mwenye cheo akaiziba mdomo na kuifunika jicho, akaenda zake. Ilipoanguka akairudisha diski mbovu kwa siri, akaona mambo yameharibika, akaibandua plasta, akaja kutuapia.

Wifi akaiacha namba tatu pembeni. Akaifungua ya tano ndani ya kisanduku chake cha kioo kisichoingia vumbi, akaibadilisha kichwa cha kusomea kwa kile cha diski nyingine ya aina ileile. Nesi alikaa karibu muda wote, daftari mapajani. Kesho yake, saa tano asubuhi, diski ikawa imesomeka yote, ila vipande vichache. Faili la kitanda cha saba likafunguka. Miligramu arobaini, kwa jina la daktari. Chini yake, maneno ya nesi: "Nimepiga simu kuuliza dozi. Nimeambiwa nifuate kama ilivyo." Tarehe na saa, vyote vipo.

Nesi alilia kwa sauti. Wifi naye akalia, kwa hasira, akifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Kikaoni tuliingia naye. Karatasi zilisomwa. Daktari alitazama viatu vyake. Mkuu wa kompyuta, na hili silisahau, alisimama akaishukuru idara yake kwa jitihada za kuokoa kumbukumbu. Mganga mkuu wa hospitali, aliyeongoza kikao, akakohoa.

"Haya, nesi, yamekwisha. Jumatatu urudi kazini. Tusiyachimbe zaidi, sisi ni familia moja."

Nesi akainuka. Akaliweka daftari mbele ya mganga mkuu, limefunguliwa kwenye ukurasa mtupu, na kalamu juu.

"Niliitwa muuaji kwa barua yenye mhuri, bosi. Sasa andika hapa ni nani aliyeagiza arobaini, na nani aliyeifunika taa."

Mkuu wa kompyuta akanyoosha mkono, haraka, alifunge lile daftari.

"Usiguse!" Wifi aliruka mpaka kiti chake kikaanguka. "Toa mkono!"

Mkono ukarudi. Mganga mkuu aliitazama kalamu bila kuishika. Nesi akamsogezea daftari karibu zaidi, akamwambia aanze na tarehe.