Njia ya Dada

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaosoma haya, kaeni chini mnisikilize. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo maneno ya kupamba sina. Nimechoka, na magoti yananiuma.

Juzi nimerudi kijijini kutoka Mlandege, kule mjini, nilikokaa kwa binti yangu msimu wote wa mvua nikitibiwa mgongo. Nikamkuta dada yangu amekaa palepale nilipomwacha, kando ya jiko. Kile kiti mwendo alicholetewa kwa hotuba, makofi na picha kimesukumwa pembeni. Kuku ametagia humo. Nikamuuliza, "Dada, kanisani umekwenda lini?"

Akacheka kidogo. "Mvua imekula njia, mdogo wangu. Kwaya naisikilizia hapahapa. Wanaimba vibaya."

Nikavuta kigoda nikakaa. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yetu.

Miguu ya dada haikumbeba tangu utotoni. Alitambaa. Baba alimkatia katambuga za tairi za kuvaa mikononi, na vipande vingine akamfungia magotini. Kazi zake alikuwa nazo kama sisi: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kuchochea moto, na kututuma sisi wenye miguu, kazi aliyoipenda kuliko zote. Jumapili ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Sauti yake ilikuwa nzito. Ikishuka bondeni, hata mbuzi waliinua vichwa.

Kwetu Uheheni mvua zikianza ndipo ulanzi, pombe ya mianzi, unapotoka. Ukungu ungali chini, wanaume walirudi kutoka kwenye mianzi na mbeta zao za mwanzi zimejaa, uani kukanuka utamu na uchachu pamoja. Ndipo watu walipoitana kulima kwa mgowe, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba akawanywesha. Lakini kwa bibi kulikuwa na sharti: kabla ya shamba, njia ya dada. Mvua ikishachimba makorongo, watu walianzia mlangoni kwetu wakashuka hadi kanisani. Wakubwa walisawazisha kwa majembe. Sisi watoto tuliokota mawe na miiba, mikono myekundu kwa udongo hadi kwenye viwiko.

Jirani yetu mmoja, mpenzi wa ulanzi, alichoka kungoja. "Mama, njia yote hii, kwani anapita mfalme?"

Bibi hakumtazama. Dada ndiye aliyemjibu, yuko mlangoni na ungo wa maharage mapajani. "Chimba vizuri, baba. Jioni na wewe utapita hapa kwa magoti."

Watu walicheka, majembe yakasimama. Jirani naye akacheka, kisha akachimba.

Kazi ikiisha, mbeta hazikuguswa bado. Bibi alikaza kaniki yake kiunoni, akapiga magoti mlangoni, akatambaa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, akaitambaa njia ile yote, na watu wakamfuata nyuma wakimeza mate. Akikuta jiwe aliliinua juu. Aliyechimba pale alijijua. "Njia ya mtu haikaguliwi kwa macho," ndivyo alivyokuwa akisema. Akishafika kanisani bila kuumia, ulanzi ulimiminwa.

Sisemi zamani kote kulikuwa kuzuri. Kuna nyumba ambako mtoto kama dada alifichwa wageni wakija, na hakuna aliyeuliza. Leo kuna sheria, anaweza kwenda kudai, na kiti anacho. Hayo ni mazuri, msiyaachie. Ila bibi amelala kule mlimani, mgowe umekufa naye, na mianzi yetu watu wamekata wakauza.

Jana nikawauliza vijana wangu kwa nini njia imeachwa. Mmoja akanijibu, macho yakiwa kwenye simu, "Bibi, hiyo ni haki yake. Tumeshamwambia mwenyekiti. Tunasubiri greda."

"Greda inatoka wapi?"

"Wilayani, Bibi."

Mwenyekiti nitamfuata mwenyewe, na atanieleza. Barabara ni kazi yao, na kwa sasa inapitika hadi kanisani. Lakini kutoka mlangoni kwangu kufika barabarani ni umbali wa kurusha jiwe, na majembe ya nyumba hii yameegemea ukuta yanashika kutu. Dada yangu hana masika mengi ya kusubiri. Ningetambaa mwenyewe kama bibi, lakini haya magoti nikiyakunja hayakunjuki.

Basi nimewaambia, na sirudii. Mtoeni kuku kwenye kiti. Chukueni majembe. Mkimaliza, kila mmoja wenu atakaa kwenye kiti hicho asukumwe kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, dada yangu akiwatazama. Ugali hausongwi katika nyumba hii mpaka wa mwisho wenu arudi bila kushuka.