Sarafu ya Tembo Niliyoisugua kwa Majivu

Nilipoolewa Mwika nilisifiwa kwa sufuria zangu. Nilizisugua kwa majivu na majani makavu ya mgomba mpaka zikang'aa, na sifa hizo zilinipanda kichwani.

Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, alikuwa na sarafu moja ya dhahabu. Alirudi nayo kutoka Tabora, alikopelekwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Upande mmoja ulikuwa na tai, wa pili tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Mzee alisema ule ni mlima wetu. Nilipojifungua mapacha na maziwa yangu yasitoshe, aliamua kuiuza anunue ng'ombe wa kisasa. Mjini Moshi kulikuwa na Mhindi muuza vitambaa aliyekusanya sarafu za kale.

Asubuhi ya kwenda, mzee alinipa niifunge kwenye leso. Nikaona weusi kwenye mikunjo ya ngozi ya tembo. Yaani tumpelekee mtu wa mjini kitu kichafu? Nikaingia jikoni, nikachota majivu.

Mwenye duka alimwamkia mzee, akatuketisha, akaitazama sarafu kwa kioo cha kukuzia. Alitueleza kwamba Wajerumani, walipobanwa vitani, waliitengeneza kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya Sekenke, na kwamba wakusanyaji huitaka jinsi ilivyo, hata na uchafu wake. Hii yetu ilikuwa imejaa mikwaruzo mibichi. Angeinunua kwa uzito wa dhahabu tu, na hapo hatungepata hata ndama.

"Nani ameisugua, mzee?" akauliza.

Niliinama, nikaanza kuikunja ile leso.

"Ni mimi," mzee akasema. "Nilidhani naisafisha."

Tulirudi bila ng'ombe. Njia nzima hakunitupia hata jicho la lawama, na nyumbani alirudia maneno yaleyale kwa mkewe. Nami nikanyamaza, kwa kuogopa kuitwa mkwe aliyewanyima wanawe maziwa. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mzee, ambaye miaka yote alitangulia kwenda kupokea mkate na divai, alibaki kwenye benchi, kofia magotini. Watu waligeuka kumtazama. Mama mkwe alimnong'oneza kumwuliza kulikoni, akajibu kwamba wiki ile alisema uongo.

Mimi nilisimama, nikapita mbele ya magoti yake, nikaenda kupokea.