Nati Nilizokaza Mpaka Mwisho

Mara ya kwanza kuona kabureta, ilikuwa inaingia ndani ya gunia la maharagwe. Waasi walikuwa wameingia Goma, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na kila mwenye silaha alitafuta gari la kuchukua. Papa, baba yangu, alifungua boneti ya pikapu yake, akang'oa kile chuma kizito, akakifunga kwa kitenge na kukizika katika maharagwe jikoni. Watu wakaja, wakasukuma gari, wakatukana, wakaenda zao. Nilishangaa kwamba gari zima linaweza kugeuka jiwe kwa kukosa kitu kinachobebwa kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo nilitaka kujua kinafanya nini.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na kwa kusimama karibu na mafundi wa mtaa wa Mabanga mpaka wanifukuze. Papa, ambaye alikuwa akibeba kabichi na viazi kutoka upande wa Rumangabo, aliniachia injini nilipofika miaka kumi na tisa. Nakiri kwamba hapo ndipo taabu ilipoanza. Ralanti yake, ule mzunguko wa chini wa injini, ilikuwa mbaya kidogo: gari likisimama na mguu ukitoka kwenye mafuta, ilitetemeka badala ya kutulia. Papa alikuwa ameizoea. Mimi sikuweza. Kwa mwezi mmoja nilifungua kabureta mara nne, nikasafisha kila tundu kwa uzi wa nailoni, na kila nilipoirudisha nilikaza nati zake nne kwa nguvu zote, kisha nikavika kipande cha bomba kwenye spana ili nikaze zaidi. Hakuna nilichokiogopa kuliko kitu kilicholegea. Na kila mara ralanti ilizidi kuwa mbaya, mpaka injini ikawa inazima yenyewe.

Ndipo mlima wetu wa moto ulipopasuka. Lava ilishuka upande wa Munigi, ikasimama kabla ya kutufikia, lakini ardhi haikutulia. Mchana na usiku ilitikisika, barabara zikapata nyufa. Koko, mama yake Papa, aliyekuwa hatembei kwa sababu ya nyonga, alikataa kukaa chini ya paa. Tulimweka ndani ya pikapu, uani, mto mgongoni na rozari mkononi.

Watu walisema tutaambiwa tuhame, twende Sake. Papa akaniita kando. Alisema gari likizima katikati ya foleni halitawaka bila kusukumwa, na watu wenye haraka watalisukumia kwenye mawe, Koko akiwa ndani. Alikuwa ameshaongea na jirani mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ili tumlaze juu yake. Koko alisikia yote kupitia dirisha la gari.

"Mimi siko gunia ya viazi," akasema. "Mutoto atengeneze gari."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Niliwasha injini nikapata aibu mpya: sikujua kinachotetemeka ni injini au ni ardhi. Niliweka kikombe cha maji juu ya injini, maji yakacheza. Nikaweka kingine chini, nayo yakacheza. Koko, aliyekuwa amekaa humo garini siku tatu, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Ile ya chini." Akainamisha sikio. "Ile yako. Yako tena. Yako iko na haraka, mutoto wangu. Ya mulima inatoka mbali."

Nikafumba macho, nikasikia alivyosikia. Ya mlima ilikuja nzima, ikiviringika chini ya nyayo. Yangu ilikatikakatika, kama mtu anayeruka ngazi.

Niliondoa chujio la hewa, nikaanza kufunika mdomo wa kabureta polepole kwa kiganja. Kitabu kilisema injini isiyo na kasoro ingesongwa na kuzima. Yetu ikatulia. Nyama ya kiganja changu ilivutwa ndani, na nikabaki nimesimama hivyo, mlima ukifuka moshi juu ya bati za jirani. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba injini huvuta hewa. Sikujua kwamba huivuta hivyo, kwa nguvu isiyomwomba mtu ruhusa.

Basi, kama ilitulia nilipoinyima hewa, palikuwa na hewa nyingine iliyoingia kwa mlango usio wake. Nilipaka povu la sabuni kuzunguka kitako cha kabureta. Kwenye kona moja povu likamezwa, injini ikabadili sauti.

Niling'oa kabureta. Nikatoa kioo cha picha ya ndoa ya wazazi, kitu pekee kilichonyooka kabisa nyumbani, nikaweka kitako juu yake. Kikacheza kama meza yenye mguu mfupi. Pembe zake zilikuwa zimepinda, palepale zinapokaa nati. Haukuwa uchafu, haukuwa uzee. Nilikuwa nimekipinda kwa mikono yangu, mara nne, kwa kutaka kisilegee.

Nikatandika msasa juu ya kioo, nikasugua kitako mchana kutwa. Ardhi ilipotikisika niliinua mikono nikangoja. Gasketi, ile karatasi ya kuziba katikati, niliikata kwenye katoni ya biskuti. Kisha nikakaza nati kwa vidole, nikaongeza robo mzunguko wa spana, nikaacha. Kuacha ndiko kulikonishinda. Mara tatu nilirudi kushika spana, mara tatu nikaiweka chini.

Uani injini ilitulia. Lakini uani si foleni.

Asubuhi redio ikatangaza kwamba mtaa wetu nao uondoke. Barabara ya Sake ilijaa magodoro, mbuzi, pikipiki, watoto mgongoni. Papa aliendesha, Koko katikati, mimi mlangoni. Magari mawili yalikuwa yameshasukumwa pembeni. Kila tuliposimama Papa alikanyaga mafuta kidogo, kama desturi yake. Nilimwomba atoe mguu. Akautoa.

Injini ikabaki inawaka. Ilizunguka chini kabisa, sawasawa. Moto ulikuwa unapasuka ndani ya kile chuma bila kukoma, mpole kiasi kile, nasi tulikuwa tunaukimbia moto mwingine uliohamisha mji.

Hapo nikamwambia Papa kwamba aliyeiharibu ni mimi, kwa kukaza.

"Nilikuona na lile bomba," akasema.

"Sasa mbona haukunikataza, Papa?"

"Nilifikiri unajua."

Foleni ikasogea, akaingiza gia.

Tulipofika Sake, Koko alikuwa amelala begani kwangu, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu mlima upasuke. Papa aliegesha kando ya ukuta wa shule, akaweka mkono kwenye ufunguo, akamtazama mama yake. Hakuuzungusha. Alishuka polepole kwenda kutafuta pa kumlaza, akaniachia gari likinguruma.