Kadi ya Lami Iliyonukia Nazi

Vasemaca Naulu hajawahi kulipa bei ya kwanza. Majirani zake wa mtaa wa Nabua humtania kwamba hata sadaka huitoa baada ya kuyasikia mahubiri, ili ajue yana thamani gani. Huuza mitumba karibu na stendi ya mabasi ya Suva, mji mkuu wa visiwa vyao, marobota ya kutoka Australia, na kibanda chake alikisimamisha kwa faida ya jaketi moja moja, bila mume wala mjomba wa kumshika mkono. Jambo moja tu liliwashinda watu kulielewa. Mama mzima huyu, mwenye miaka thelathini na ushei, akishafunga kibanda hukimbilia gemu.

Wala si gemu za kuua muda. Alikuwa mmoja wa watano wa timu ya Nabua, ile inayopigana na timu za miji ya Lautoka na Labasa kupitia mtandao. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wakati wenzake wanashambulia, na adui waliopita mlango wake walikuwa wa kuhesabika. Miaka yote walicheza kwenye duka la kukodisha kompyuta. Duka lilipofungwa, ikabidi kila mtu achezee kwake, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Kompyuta alikuwa nayo, kasha jeusi la ofisini alilolipata mnadani, lakini nguvu zake zilikuwa za kuandikia barua. Likipewa gemu, picha zilikuja kwa vipandevipande, mfano wa mtu anayesimulia huku ana kwikwi. Mechi mbili mfululizo Vasemaca aliuawa kabla hajamwona aliyemuua.

Nahodha wao, Shalvin, dereva wa teksi, hakumzungusha. Mechi na Lautoka ni Ijumaa. Akishindwa kupata kadi ya picha, kile kifaa kinachoichorea kompyuta gemu, nafasi yake anaichukua shemeji yake Shalvin.

"Shemeji yako hata kujificha hajui," Vasemaca alisema.

"Hajui, dada Vase. Lakini kompyuta yake inajua."

Alianzia madukani, kwenye kadi mpya. Aliangalia kibandiko cha bei, akairudisha kadi taratibu, akatoka bila hata kuomba apunguziwe. Anayemjua angeelewa hapo kwamba bei ilikuwa imevuka mpaka.

Akageukia zilizotumika, na huko Shalvin akajifanya dalali. Alimpeleka mtaa wa Samabula kwa kijana mmoja mwenye kadi ndefu kama mkate wa familia, feni tatu, taa za rangi, inauzwa bei ya kutupa. Vasemaca akatoa futi yake ya cherehani, akaipima. Kwenye kasha lake isingeingia. Akauliza inakula umeme kiasi gani, akaambiwa inataka nyaya mbili za peke yake. Kisanduku cha umeme cha kompyuta yake ya ofisini hakikuwa na hata mmoja. Maana yake anunue kasha jingine na kisanduku kingine, na ile bei ya kutupa izae bei mbili nyingine.

"Lakini angalia namba yake, dada," Shalvin alinong'ona. "Namba kubwa hii."

Vasemaca akamjibu kwamba kibandani kwake kuna suruali za majina makubwa zinazochanika ukichuchumaa tu. Wakaondoka. Njia nzima Shalvin alinuna, na teksi yake ikanuna naye, maana ilizimika mara mbili.

Usiku ule Vasemaca hakutafuta kadi nzuri. Alitafuta kadi inayomfaa yeye, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Alitaka fupi. Alitaka inayoshiba kwa umeme wa tundu inamochomekwa, bila waya wa pembeni. Na alitaka yenye uwezo wa kuendesha gemu moja vizuri, ile wanayocheza wao, si gemu zote za dunia. Alipojua anachokitaka, kwenye matangazo yote ya Suva na viunga vyake zikabaki kadi mbili. Moja ilikuwa imeshauzwa. Ya pili ilikuwa Lami, mji mdogo wa pwani nje ya Suva, na mwenyewe alitaka dola mia tatu.

Alikwenda Alhamisi, mvua inanyesha, mwavuli mkononi na akili kichwani. Mwuzaji alikuwa Sakiusa, mpakia mizigo wa bandarini, mtu wa mabega mapana na sauti ya kuamshia meli. Nyumba yake iko ufukweni kabisa, bahari ikikohoa inasikika chumbani. Alitaka kumkabidhi kadi mlangoni, imefungwa kwenye taulo. Vasemaca akasema yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia. Anataka aione ikifanya kazi, na si kwa dakika mbili.

Sakiusa akaiwasha. Mwanzoni ilikwenda vizuri, picha laini kama maziwa. Halafu kidogokidogo ikaanza kuvuta miguu, feni zikapiga kelele kama zimebebeshwa mzigo, picha ikakwama. Bega la Sakiusa likashuka. Akakiri kwamba imekuwa hivyo tangu Pasaka, anadhani ni mgonjwa wa kufa, na akashusha mwenyewe mpaka mia na hamsini.

Mteja mwingine angeondoka. Vasemaca alikuwa ananusa. Chumba kilikuwa kinanukia mafuta ya nazi yaliyopata moto, kama chumba cha mzazi anayekandwa. Jikoni hapakuwa na kitu motoni. Akasogeza pua kwenye kasha, harufu ikampiga usoni.

Akauliza kama utani, hii kadi anaitunzaje. Sakiusa akajivuna kidogo. Kila Jumapili baada ya kanisa aliipaka mafuta ya nazi kwenye zile mbavu za chuma, chumvi ya bahari isiile. Baba yake aliipaka mashine ya boti hivyohivyo, na ile mashine imewazika watu.

Alichokijua Vasemaca ni hiki: mafuta hunasa vumbi. Zipu ya jaketi ikipakwa mafuta mengi, mwezi haupiti imeshika uchafu mpaka haifunguki. Kadi hii haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imevishwa blanketi, na joto halina pa kutokea. Alichotakiwa kufanya ni kutoa mia na hamsini, afunge mdomo, apande basi.

Alikuwa ameshashika pochi Sakiusa alipomwuliza kwao ni wapi. Akamtajia bonde lao, kule juu milimani. Sakiusa akapiga paja, akacheka mpaka mbwa akatoka chini ya meza.

"Kumbe mtani! Nilijiuliza nani huyu anayenusa kompyuta kama nguruwe anayetafuta magimbi."

Kweli, watu wa kisiwa cha Sakiusa na watu wa bonde lile ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mchungaji, akachukua kuku wako bila hodi, na ukikasirika aibu ni yako. Ila humchukulia mtani wako mbele ya macho yake. Ukimfanyia nyuma ya mgongo, umeiba. Vasemaca akairudisha pochi, kwa uchungu, na asiyeuona uchungu ule hajui biashara.

"Sikiliza, mla kaa," akasema. "Kadi yako haifi. Unaikaanga."

Akamweleza yote, kisha akaweka masharti. Ataisafisha yeye, hapohapo. Ikifa mikononi mwake, analipa mia na hamsini na anaondoka na maiti. Ikipona, bei ni ileile.

"Na ikipona nikakataa kuuza?"

"Ukikataa, nitasimulia bondeni kwetu kwamba kisiwani mnakaanga mpaka kompyuta."

Sakiusa akatoa mkono. Vasemaca akaagiza spiriti duka la dawa na mswaki mpya. Akafungua skrubu, akanyanyua feni, na chini yake pakatokea utando mzito wa kijivu kama sufu ya kondoo. Aliubandua taratibu, akasugua ubavu kwa ubavu, kwa uangalifu, maana siku ilikuwa imebaki moja na kadi nyingine hapakuwa. Wakaianika mbele ya feni ya mezani. Sakiusa alizunguka nyuma yake akiuliza kama milimani wanafundishwa upasuaji kwa viazi.

Walipoiwasha, picha ilikuja laini, ikaendelea laini. Sakiusa alicheza raundi nzima. Akacheza ya pili. Vasemaca alimwona usoni akianza kuipenda upya kadi yake.

"Mia mbili na hamsini," Sakiusa alisema, bila kugeuka.

"Mkono wako ulikuwa unasalimia nini, hewa?"

Mpakia mizigo akacheka, akazima, akaichomoa mwenyewe. Alipokea mia na hamsini, na kwa kuwa mtani ni mtani, akauchukua na mwavuli. Vasemaca alirudi Nabua kalowa chapachapa, kadi ikiwa kavu kifuani, ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Ijumaa hakuna aliyepita mlango wake. Lautoka walijaribu kulia, wakajaribu kushoto, wakajaribu kwa moshi. Mara moja tu mmoja alichungulia, na alichungulia kwa mara ya mwisho. Nabua walishinda. Shemeji yake Shalvin aliitazama mechi yote kutoka kwake, mchezaji wa akiba, anakula karanga.

Shalvin alipiga simu baadaye. Hakupongeza moja kwa moja. Madereva wa teksi hawapendi kushindwa njia. Aliuliza tu ni nani aliyemchagulia ile kadi.

"Mimi," Vasemaca alisema.

Shalvin akakohoa. Akasema kadi yake nayo siku hizi inapata joto sana, sijui dada angepita aiangalie.

Vasemaca akamtajia bei. Shalvin akaomba apunguziwe. Hakupunguziwa.