Mchi wa Bunda

Baba aliuziwa boti kuukuu la tanga na mzungu aliyekuwa anafungasha kuondoka Musoma. Mama alisema aliyepata faida ni mzungu. Halafu ikaja miaka ya foleni za madukani, dizeli ikaadimika, injini za watu zikalala ufukweni, na baba akaendelea kwenda kisiwa cha Rukuba kufuata samaki. Nyumba zake mbili zilikula kwa boti hilo: yetu ya Kitaji, palepale Musoma, na ya mke mdogo kule Bunda.

Siku moja mikono ya mlingoti ikavunjika kwa kuoza. Ni vipande viwili vya mti vinavyokingama kule juu, kimoja kila upande, kutanua waya zinazoushikilia mlingoti usianguke. Mbao kavu haikupatikana mjini, na mbichi ingepinda. Bila mikono hakuna safari. Baba akautazama mchi wa mama, mrefu, mgumu, umenyooka. Ukikatwa katikati ungetoa mikono yote miwili.

Mama aliolewa nao kutoka kwao Butiama. Akakataa katakata.

"Kakate wa kipenzi chako," alisema. "Yeye anakulaga unga wa mashine, mchi wa nini?"

Aliamini hivyo kabisa: kwamba unga mweupe wote unaishia Bunda, sisi tunaachiwa makopa ya muhogo ya kutwanga. Baba alikana mpaka akachoka. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na mwanangu, na kwa uchungu niliokuwa nao nilimwamini mama. Nilimchukia yule mwanamke bila hata kumjua vizuri.

Baba akapanda basi la Bunda asubuhi, akarudi mchana na mchi, amekunja uso. Ulikuwa mfupi. Ungetoa mkono mmoja tu.

Mama akauchukua kwa dharau, akaugeuza. Ncha zote mbili zilikuwa zimelika, na katikati, pa kushikia, pameng'aa kwa viganja. Akapapasa pale kwa kidole gumba.

"Anatwangaga nini huyu?"

"Makopa. Kama nyie."

"Alisemaje ulipouchukua?"

"Alinipa tu."

Mama akaingia jikoni. Akatoka na mchi wake, akauweka mbele ya baba pamoja na msumeno.

"Kata," alisema. "Na huu wa Bunda umrudishie leo leo. Watoto kule hawajala."